Sakafu ya Kupigia Magoti

Karo za kwanza, vigae vya sakafu ya bafu letu la Nyamugari mjini Gitega, tulizichagua kwa macho. Zilikuwa nyeupe, kila moja na ua la buluu katikati, na ziling'aa kiasi kwamba asubuhi ukifungua mlango wa bafu majogoo wa jirani waliwika mara ya pili. Ukiinama kunawa uso uliweza kuhesabu meno yako sakafuni. Wageni waliokuja kunywa chai waliomba kwenda bafuni hata wasipokuwa na haja yoyote, na wakienda walikawia. Mke wangu, mzaliwa wa Nyamugari hapahapa, mtoto wa wauza vitambaa, ndiye aliyelionyesha lile ua kwa kidole dukani. Mimi kazi yangu ilikuwa kubeba, na nilibeba kwa fahari kama mtu aliyebeba kombe.

Halafu akazaliwa mtoto wetu wa kwanza, na mama yangu akaja kutoka Butihinda, huko Muyinga, kumkanda mzazi.

Kwetu mwanamke akishajifungua haachwi ajioge mwenyewe. Anakalishwa kwenye kigoda, na mtu mzima anayejua kazi anapiga magoti nyuma yake, anamkanda tumbo, kiuno na mgongo kwa kitambaa kilichochovywa maji ya moto, kisha anampaka mafuta ya mawese, kisha maji tena. Hivyo kila asubuhi mpaka arobaini iishe. Mama mzazi wa mke wangu alifariki zamani. Mikono iliyobaki ilikuwa ya mama yangu, na mikono ile, sisemi hivi kwa kuwa ni mama yangu, ingeweza kuukanda mlima wowote wa Muyinga ukawa tambarare.

Sasa changanya maji ya moto, mawese na karo yenye ua la buluu. Arobaini ilikuwa bado changa kabisa pale mama alipoinuka na ndoo iliyotoka jikoni ikifuka mvuke. Mguu mmoja ukaelekea Bujumbura, wa pili ukarudi Muyinga. Alianguka chini na ndoo yake. Tulipomfikia alikuwa amekaa katikati ya maua, mkono umeshaanza kuvimba, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama mzazi ameungua. Hakuwa ameungua. Maji yote yalikuwa yamekimbilia ukutani.

Alirudi kwake mkono umefungwa shingoni kwa kitenge. Mlangoni aliniangalia, akaangalia upande wa bafu, akasema, "Kioo chako ni kizuri, mwanangu. Uwe unajitazama wewe."

Tulimtafuta mwanamke wa kulipwa amalizie. Alikuja, sikatai. Alimuosha mke wangu kama mtu anayeosha sufuria ya kuazima, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akigombana na mtu wa Rutana ambaye mpaka leo simjui lakini namhurumia. Mke wangu hakulalamika hata siku moja. Alinyamaza tu, na mimi ambaye nimemzoea nilijua kwamba kunyamaza kule kumewekwa akiba.

Akiba ile ilifunguliwa juzijuzi, alipokuwa na mimba ya pili na tumbo limeshaanza kumtangulia mlangoni. Aliniambia wazi kwamba safari hii hataki mtu wa kulipwa. Anamtaka mama. Nikapiga simu Butihinda. Mama alifurahi, akauliza habari za mguu wa mjukuu wake uliokuwa na upele, akauliza bei ya maharage Gitega, akacheka. Kisha akasema atakuja bila shaka, atapika uji, atafua, atambembeleza mkubwa ili asimwonee wivu mdogo.

"Na kumkanda, mama?"

"Bafuni kwako siingii," akasema, na sauti haikuwa na hasira hata chembe. Hapo ndipo nilipoogopa. Mama akikasirika kuna matumaini.

Alitoa wazo lake: nimlete mke wangu Butihinda akajifungulie huko. Lakini uzazi wa kwanza ulikuwa mgumu, na daktari alisema huu wa pili mke wangu asikae mbali na hospitali kubwa. Butihinda ikatoka hapo. Basi hesabu ilikuwa nyepesi: ama sakafu ibadilike, ama mke wangu akandwe tena na mtu wa simu. Mimi nimesoma shule ya jioni, nimepata diploma yangu ndevu zikiwa tayari zina mvi mbili tatu, na kama niliweza kuelewa aljebra baada ya kutwa nzima ya kuuza vipuri vya baiskeli sokoni, sakafu yenye ukubwa wa mikeka miwili haiwezi kunishinda. Nilimtangazia hivyo mke wangu. Akaniuliza kama aljebra inateleza.

Kitu kilichokuwa kinanirudisha nyuma ni yale maua. Nilidhani anayapenda. Nikazunguka maneno, nikasema labda tutafute namna ya kuyaacha, labda tupige msasa kidogo. Alikuwa anapepeta mchele, hakuinua macho.

"Karo iko nzuri kwa macho, papa. Mi sizali na macho."

Nilianza na njia ya mkato, kama binadamu wote. Nikanunua zulia la plastiki lenye matundu, nikalitandika juu ya karo, nikamwaga maji, nikamwaga mawese, nikavua viatu, nikapanda. Zulia liliniketisha, likanisafirisha, likanifikisha ukutani bila mimi kuinua hata kidole. Nimepanda magari mengi barabara ya Ngozi ambayo hayakwenda vizuri vile. Nikaliviringisha, nikaliweka chini ya kreti za jirani muuza soda. Yupo nalo mpaka sasa, analisifu.

Njia ya pili ilikuwa maduka ya vifaa vya ujenzi. Nilikwenda na chupa ndogo ya mawese mfukoni. Mwenye duka la kwanza alinipokea vizuri, akanipangia karo za kila rangi chini, akaanza kunieleza ipi inatoka wapi. Nikavua viatu. Akadhani ni heshima. Nikatoa chupa nikamimina juu ya ile ya bei ya juu, nikaipanda na miguu miwili, na nikashuka bila kutaka. Aliniuliza kwa upole mkubwa kama nyumbani kwangu tunakaanga samaki sakafuni. Nikamweleza habari ya mzazi, na mama, na ndoo. Uso wake ukabadilika. Akasema, "Shefu, ungesema mapema," akaenda nyuma ya duka, akarudi na karo ya kijivu yenye chembechembe kama sukari, ile wanayoweka kwenye ngazi za nje. Nikaimiminia mawese, nikapanda, nikaruka juu yake. Ilinishika nyayo kama mdai. Wateja wawili walikuwa wameshaacha kununua, wananitazama, na mmoja alipiga makofi.

Lakini mara ya kwanza tulichagua kwa macho tu, na matokeo nimeshayaeleza. Safari hii niliamua mwenye magoti aseme mwenyewe. Nikanunua karo moja tu, nikaifunga kwenye gazeti, na asubuhi nikapanda basi la Muyinga nimeipakata. Kutoka Muyinga mjini nilichukua pikipiki, na dereva alipoambiwa kwamba mzigo ni karo moja tu ya bafu alicheka mpaka Butihinda. Mi sijali. Mtu mwenye lengo haoni aibu.

Mama alikuwa anaanika mihogo. Akapangusa mikono, akanisalimu, akaifunua karo, akaigonga kwa ukucha, akauliza zilizobaki ziko wapi. Nikamwambia zinamsubiri yeye. Hilo lilimpendeza ingawa alijaribu kulificha. Tukaenda nyuma ya nyumba anakoogea, kiuga cha matete kisicho na paa, nikaiweka karo chini, nikamwaga maji, mawese, maji tena. Akavua kandambili akasimama juu yake. Akageuka kulia na kushoto. Haikumteremsha. Nikaanza kujipongeza moyoni, na kwa kweli hata kwa mdomo kidogo.

Ndipo mama akakunja kitenge, akapiga magoti juu yake kama anavyopiga akimkanda mtu. Akakaa hivyo. Akajaribu kuhamisha goti kwenda mbele, kama vile anafuata mgongo wa mtu. Akainuka akanionyesha. Magoti yake yalikuwa na vidoti vyekundu, kana kwamba amepiga magoti juu ya punje za mtama.

"Hii imeshika," akasema. "Lakini inauma. Nitamkanda mkeo nusu saa juu ya meno ya mbwa?" Akaiwekea kiganja. "Tena ni baridi. Mzazi anakanyaga nini akitoka kwenye kigoda?"

Nilikuwa nimepima kwa nyayo zangu mimi, mtu mzito anayeruka. Kazi yenyewe inafanywa kwa magoti ya mwanamke mwenye umri, na nyayo za mwingine aliyetoka kuzaa. Nikamwambia mama kwamba anadai mambo matatu kwa wakati mmoja, isiteleze, isiume, isiwe baridi, na kwamba sakafu ya namna hiyo labda iko peponi. Nikamwambia pia, kwa kuwa nilikuwa nimechoka, kwamba kuanguka mara moja si lazima kuwa kuanguka kila siku, na mkono wake si umeshapona.

Alikuwa anaifunga karo kwenye gazeti lake. Akaacha.

"Unadhani najihofia mimi? Mkono ni mkono. Yale maji yalikuwa yanachemka, mwanangu, na mkeo alikuwa amekaa uchi, ana siku chache tangu azae. Kila nikifumba macho nayaona yanakwenda upande wake."

Alisema hivyo tu, akaendelea kufunga. Muda wote ule nilikuwa nimedhani mama amesusa. Kumbe aliogopa, na aliogopa kwa niaba ya mwenzangu. Kutoka dakika ile sikutania tena juu ya sakafu, ila kidogo.

Niliinama nivae viatu, na kwa kuwa nilikuwa nimeinama nikaona ninachokanyaga. Kile kiuga cha mama kimetandikwa matofali ya kuchoma, yamelazwa juu ya mchanga. Yale matofali nayajua moja moja kama watoto wa shangazi. Tuliporudi kutoka ukimbizini Tanzania mimi ndiye niliyeyafyatua na kuyachoma kwa ajili ya nyumba, na yaliyobaki mama aliyatandika huko nyuma asioge kwenye tope. Miaka ya visigino na ndoo na sabuni ilikuwa imeyalainisha, yamekuwa laini kama shavu la mtu aliyenyoa vizuri. Nikapiga magoti. Hayakuuma. Nikamimina mawese yote yaliyobaki kwenye chupa, nikasubiri, na tofali likayanywa taratibu, likabaki na doa tu. Jua lilikuwa limelipasha, na joto lilikuwa limekaa ndani yake.

Mama alikuwa amesimama ananiangalia. Nikamwuliza kama hapo anaogopa. Akasema hapo ni kwake, hapo angeweza kutembea na moto kichwani. Nikamwambia basi nitayang'oa haya niende nayo Gitega. Akakataa katakata, yeye ataoga wapi, kwenye karo yangu moja? Nikamwambia nitatengeneza mengine yawe hivihivi. Akacheka, akasema hayo yamesuguliwa na miguu yake tangu turudi, na mke wangu hatasubiri kuzaa mpaka nimalize kuoga mara elfu kumi.

"Nikiyasugua mwenyewe?"

"Ukiyasugua mpaka goti langu lisijue tofauti," akasema, "nakuja."

Nilirudi Gitega bila karo. Mama aliibakiza, akasema itafaa kuwekea chungu.

Kuchagua tofali nilikujua kabla sijajua aljebra. Nilishuka bondeni kwenye tanuru, nikagonga tofali kwa tofali nikisikiliza. La pembeni mwa tanuru halikuiva, linasema *pu* kama boga, maji yatalila mwezi mmoja. La karibu sana na moto limegeuka kioo, linateleza na lina ncha. Nilitaka yale ya katikati, yanayolia kama kengele ya baiskeli. Wachomaji walisema hajawahi kuonekana mteja anayebembeleza tofali sikioni. Nikawaambia nao bado hawajaona kitu.

Ubishi ukaanza mtaani. Fundi niliyemwita aing'oe sakafu alisimama mlangoni akayasikitikia maua kama mtu aliyefika msibani. Alinieleza kwamba watu wote wa Gitega wanatoka kwenye tofali wanakwenda kwenye karo, na mimi ndiye wa kwanza anayerudi. "Patro, tofali ni la ukuta," akasema. Nikashika nyundo, na nikiri kwamba nilisita, kwa sababu ua la kwanza lilikuwa linanitazama. Mke wangu akaja na kigoda chake, akakikalia pale mlangoni polepole, akanyoosha mkono apewe nyundo. Alilipiga ua lile katikati. Lilipasuka vipande vitatu. Akanirudishia nyundo, akaniambia niendelee, yeye ana uji jikoni.

Kusugua ndiko kulikokuwa kazi. Unachukua matofali mawili, unayalowesha, unaweka uso kwa uso, unazungusha kama mtu anayesaga, unamwagia maji, unazungusha tena, mpaka tope jekundu linatoka kama supu. Nilisugua nyumbani alfajiri kabla ya kwenda sokoni, kisha nikaona siku hazitanitosha, nikayahamishia kibandani kwangu. Kuanzia hapo hakuna mtu aliyenunua kipuri Gitega bila kulipa jasho. Ukija kutafuta mnyororo, nakukabidhi matofali mawili na kopo la maji usugue wakati nakutafutia. Mwanzoni waligoma. Baadaye walikaa wenyewe. Kuna mzee mmoja aliyekuja kwa ajili ya nati ya gurudumu, akasugua mpaka adhuhuri akinieleza ugomvi wa shamba lake na shemeji yake, akaondoka amefurahi, amesahau nati. Mkono wangu wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto. Nilikuwa nikitembea nimeinama upande mmoja kama mti wa kwenye mteremko.

Kila tofali lilipimwa kwa magoti. Nililiweka chini, nikakunja suruali, nikapiga magoti, nikasogea mbele na nyuma mbele ya soko zima. Lililoniuma lilirudi kwenye maji. Watu wakaanza kusema nimeokoka.

Tulitandika juu ya mchanga na saruji nyepesi, tukiinamisha sakafu kidogo kuelekea tundu la maji, na kingo zote nilizipitia kwa kipande cha tofali kingine ili pasiwe na ncha inayokamata kidole. Fundi, ambaye alikuwa bado ananung'unika, ndiye aliyeshauri dirisha lipanuliwe, kwa sababu tofali linalokunywa lazima lipate upepo wa kukaushia kinywa. Tukalipanua. Bafu likageuka rangi ya udongo. Hakuna mgeni aliyeomba tena kwenda kulitazama. Dada mmoja wa mke wangu alichungulia, akauliza tutamaliza lini.

Mama alifika mke wangu akiwa amebakiza kidogo sana, anatembea ameshika ukuta. Mama alikunywa chai. Alikunywa ya pili. Aliuliza mambo ya watu wote wa mtaa. Sikumharakisha, ingawa moyo wangu ulikuwa unapiga ngoma ya mfalme kifuani. Mwishowe akainuka, akavua kandambili mlangoni pa bafu, akasimama.

Mkono wake ulishika fremu ya mlango, na niliona vidole vimekaza. Akaomba ndoo ya maji ya baridi. Nikataka kumwekea ndani, akanisukuma kwa kiwiko. Aliibeba mwenyewe, akaingia, akaenda mpaka ukutani, akageuka nayo, akarudi. Akamwaga yote chini. Akaomba mawese, akayamimina kwa makusudi pale panapokaa kigoda, akaomba ndoo ya pili, akapita juu yake tena, mara hii kwa mwendo wa mtu ambaye ameitwa. Kisha akapiga magoti. Akasogeza goti mbele. Akasogeza la pili.

"Hili hapa," akasema, kiganja juu ya tofali moja karibu na tundu. "Limeinua kichwa."

Nikalishusha palepale, na yeye amesimama juu yangu ananiangalia kama msimamizi wa barabara. Akapiga magoti tena. Hakusema kitu. Kwa mama hiyo ni hati yenye mihuri mitatu.

Mtoto alikuja salama, wa kike, mwenye sauti inayofika Makebuko. Asubuhi ya kwanza waliporudi kutoka hospitali nilichemsha maji mpaka sufuria ikaruka mfuniko. Niliifikisha ndoo mlangoni, nzito, mvuke unaniingia machoni. Mke wangu alikuwa ameshakaa kwenye kigoda, ameinamisha kichwa, amefunga macho. Mama alitoka mpaka mlangoni, akaipokea ndoo kutoka mkononi mwangu, akaiangalia, akanyanyua.

Nikasema labda niisogeze mimi mpaka karibu.

"Wewe kazi yako imekwisha," akasema mama. "Funga mlango, baridi inaingia."

Nikafunga. Nikasikia nyayo zake, taratibu, moja, nyingine, mpaka zilipofika. Nikasikia ndoo inawekwa chini juu ya tofali. Halafu kitambaa kikachovywa, kikakamuliwa, na mke wangu akatoa pumzi ndefu ambayo nadhani alikuwa ameishikilia tangu mtoto wa kwanza. Mama akamwambia alegeze mabega, hawezi kukanda mtu aliyejikaza kama mlingoti.

Nikarudi jikoni kuweka maji mengine.